Jani la Manjano Libaki la Manjano: Kutayarisha Picha Tunazoskani Kabla ya Kuzipeleka kwa Mpiga Chapa

Maelezo haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti huko Kwanza, mbele ya maafisa wa kilimo na afya wa nyanjani, makarani wa wadi na vijana wanaoendesha vibanda vya kompyuta. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.

Nawashukuru mliotoka Endebess na Saboti mkafika mapema, na ndugu zetu wa Bungoma waliovuka kuja kuketi nasi. Kiwavi hajawahi kusimama kwenye mpaka wa kaunti kuuliza yuko upande wa nani, kwa hivyo nasi hatuna sababu ya kutengana tukizungumzia vipeperushi vinavyomhusu.

Nimekuja na majani mawili ya mahindi. Hili la kwanza limetoka kwenye mmea wenye ugonjwa wa MLN, ule ulioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 2011 kule Bomet na baadaye ukatufikia huku. Tazameni: manjano yake ni ya madoadoa, yamejitokeza kwenye majani machanga, na ukavu unaanzia ukingoni ukielekea katikati. Hili la pili lina njaa ya naitrojeni tu. Manjano yake yanaanzia kwenye ncha na kushuka katikati, umbo la V, na limechumwa chini ya mmea, kwenye majani makuukuu. Mwenye jani la pili anahitaji mbolea ya CAN. Mwenye jani la kwanza anahitaji kung'oa mimea iliyougua, na msimu ujao apande kitu kingine badala ya mahindi. Akikosea akanunua magunia ya CAN kwa ajili ya shamba lenye MLN, amezika karo ya shule ardhini.

Kipeperushi chetu kinamsaidia mkulima kuchagua kati ya hayo mawili. Maneno yanaweza kuwa sahihi kabisa, lakini nyote mnajua kwamba watu wengi hutazama picha kwanza, na wengine hutazama picha peke yake.

Sasa niwaeleze kisa nilichokishuhudia. Afisa mmoja alipeleka picha ya jani gonjwa kwenye kampuni moja ya uchapishaji, ambayo sitaitaja. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta, kijana mwenye bidii, aliona jani la manjano akadhani picha imechujuka. Akaipandisha kijani mpaka jani likapendeza. Vipeperushi vikarudi vikiwa safi, karatasi ya kung'aa, na juu ya maneno "Dalili za ugonjwa" pakawa na jani lenye afya kuliko lolote mnaloliona hapa. Simlaumu sana kijana yule. Hakuna aliyemwambia kwamba manjano ndiyo habari yenyewe. Tangu hapo, kila picha ya ugonjwa ninayoipeleka huandamana na karatasi yenye mstari mmoja: rangi hii ni dalili, isirekebishwe. Nawaomba mfanye hivyo hivyo, na wale wenu wenye vibanda, mkipata picha ya jani, kidonda au ngozi, ulizeni kabla ya kuipamba.

Kwa hivyo swali la kwanza, kabla hujawasha skana, ni hili: msomaji anatakiwa aone nini hapa? Mengine yote nitakayosema yanategemea jibu lake.

Tuje kwenye picha zenyewe. Nyingi zinazofika mezani kwangu zimekwisha kufa njiani. Mtu ana picha ya karatasi, nzuri tu. Anaipiga kwa simu chini ya taa ya umeme, kivuli cha mkono kikiwa juu yake. Anaituma kwa WhatsApp, ambayo huibana ili isile bando. Anayeipokea anaibandika ndani ya hati ya Word, na Word nayo huweza kuibana tena hati inapohifadhiwa. Kisha ile hati ndiyo inapelekwa kwa mpiga chapa. Kila hatua imepunguza kitu, na hakuna hatua ya mbele inayoweza kukirudisha. Simu yenyewe haina kosa. Simu ya kawaida ya leo hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, na hizo zinatosha kujaza ukurasa mzima wa A4. Tatizo ni safari. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama picha, nayo itafika nzima. Barua pepe ni sawa, na kijiti cha kumbukumbu mfukoni ni sawa zaidi.

Lakini kama picha iko kwenye karatasi, tumia skana. Kwanza pangusa kioo kwa kitambaa laini kikavu. Huku kwetu msimu wa kiangazi vumbi jekundu huingia hata kwenye sukari, na chembe moja iliyo kwenye kioo itakuwa doa kwenye nakala zote elfu mbili. Pangusa na picha pia, taratibu, kwa brashi laini, wala usitumie mate kama nilivyoona watu wakifanya.

Halafu kuna wingi wa nukta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za umma hupotea. Mpiga chapa atakuambia anataka nukta 300 kwa inchi. Wengi wanasikia 300, wanaweka skana kwenye 300, na wanadhani wamemaliza. Zile 300 zinahitajika kwenye ukubwa ambao picha itachapishwa. Ukubwa wa ile unayoiskani ni hesabu nyingine.

Chukueni kazi ambayo kila kibanda cha Kitale na Bungoma kinaifahamu: kijitabu cha mazishi. Familia inaleta picha moja ya pasipoti yenye upana wa milimita 35, na pengine hiyo ndiyo picha pekee ya marehemu iliyobaki. Wanataka ikae kwenye jalada kwa upana wa milimita 105. Hiyo ni mara tatu. Basi zidisha 300 mara tatu, uskani kwa 900. Ukiiskani kwa 300 kisha ukaivuta, utakuwa na nukta 100 tu kwa inchi, na uso wa mzee utakuwa kama umetazamwa kupitia kioo cha bafu. Na kama picha ni ya sentimita 10 kwa 15 na itachapishwa kwa ukubwa huo huo, 300 zatosha. Ikiwa itapunguzwa, 300 zinazidi, lakini ziache, huenda kesho ukahitaji bango.

Mtu atasema, mbona programu ya kompyuta inaweza kuongeza pikseli yenyewe? Inaweza. Ni kama kuongeza maji kwenye maziwa: sufuria itajaa, lakini anayekunywa anajua. Na jihadharini na maandishi yaliyo kwenye sanduku la skana. Kuna namba ya kile ambacho jicho la mashine linaona kweli, na kuna namba kubwa zaidi ya kile ambacho mashine inakisia. Tafuta ile ya kwanza.

Michoro ya mistari mitupu, kama ramani ya wadi, sahihi, au mchoro wa choo cha shimo ambao ndugu zetu wa afya ya umma wanaupenda, inataka zaidi. Iskani kwa nyeusi na nyeupe, nukta 1200 kwa inchi, la sivyo mistari itakuwa na meno kama msumeno. Bango kubwa linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linahitaji chache, 100 au 150.

Twende kwa kiwavi. Mwaka wa 2017 viwavi jeshi wale wageni waliposhambulia mahindi yetu, swali la kila mkulima lilikuwa: huyu ndiye, au ni kiwavi wa kawaida? Maafisa wa kilimo waliwafundisha kutazama alama mbili. Kichwani kuna mstari mweupe wenye umbo la Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia kuna nukta nne nyeusi zilizopangwa mraba. Sasa fanyeni hesabu nami. Mtambo unaochapa kwenye karatasi ya gazeti huweza kuweka safu 85 za nukta za wino katika inchi moja. Ukimchapa kiwavi mzima kwa urefu wa sentimita tatu, amepata nukta 100 tu kutoka kichwani hadi mkiani. Zile nukta nne za mkiani kila moja itapata nukta moja ya wino, pengine mbili. Mkulima ataona mnyoo wa kahawia. Hata ukiskani kwa 1200, mtambo hauwezi kuchapa usichoupa nafasi.

Dawa yake ni mkasi. Acha kiwavi mzima awe mdogo pembeni, kisha ukate kichwa na mkia, uchape kila kimoja kwa upana wa sentimita tano au sita. Kijipicha kizuri cha mkono wa mkulima ukiwa na kiwavi kiganjani, jua likichomoza nyuma, kitafaa kwenye kalenda.

Jambo linalonikera zaidi ni nyuso. Fungueni jarida lolote la bei nafuu mtazame picha za watu wetu: shati jeupe limeng'aa, na juu yake kuna kivuli cheusi kisicho na macho. Sababu ziko mbili na zote zinarekebishika. Ya kwanza, skana ikiachwa iamue yenyewe hufuata sehemu inayong'aa zaidi, yaani lile shati au sare ya mwanafunzi, na uso unaachwa gizani. Ya pili ni karatasi. Wino hutua ukiwa nukta ndogo, kisha nukta hiyo inafyonzwa na kutanuka, kama tone la chai kwenye kitambaa. Kwenye karatasi ya gazeti, sehemu uliyokusudia ifunikwe wino nusu, asilimia 50, inaweza kufika 75. Karatasi ya kung'aa hutanua kidogo zaidi ya ulivyopanga, ile ya gazeti hutanua sana. Zamani karatasi ilitengenezwa hapa jirani, Webuye, na mpiga chapa aliyezoea mzigo wa Pan Paper alijua tabia yake. Tangu kiwanda kile kilipofungwa mwaka wa 2009, wengi wananunua popote wanapopata, na kila mzigo una koo lake. Kwa hivyo ulizeni mapema ni karatasi gani itatumika, kisha mrekebishe picha kwa ajili yake.

Namna ya kurekebisha ni hii. Zima marekebisho ya kujiendesha. Tazama uso, usitazame shati. Inua mwanga wa katikati mpaka uone shavu na kope, hata kama kwenye skrini picha inaonekana imepauka kidogo. Usisogeze weusi wote hadi mwisho: kwenye karatasi inayofyonza, weusi wa asilimia 95 tayari ni weusi. Weupe nao usiuache mtupu kabisa, isipokuwa pale panapomeremeta kweli, kama kwenye kioo cha miwani. Na kama picha ni kuukuu na imegeuka hudhurungi, iskani kwa rangi, hata ikiwa itachapishwa kwa nyeusi na nyeupe. Utakuwa na mengi ya kuchagua.

Kuhusu rangi nitapita haraka. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na buluu. Mtambo hutengeneza kwa wino, samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kuna kijani cha skrini ambacho hakuna mtambo wa wino nne utakaokifikia, na kuna rangi ya chungwa vilevile, hivyo msikasirike picha ikipoa kidogo mnapoibadilisha. Ibadilisheni wenyewe mkijua namna, au mwachieni mpiga chapa anayejua mtambo wake, lakini msiache ibadilishwe kwa bahati. Wingi wa wino nne ukijumlishwa mahali pamoja usipite asilimia 300 kwenye karatasi ya kung'aa, na kwenye ya gazeti ukae karibu na 240. Ukipita hapo, kurasa zitashikana zikiwa bado mbichi. Maneno meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Na kama picha inafika ukingoni mwa ukurasa, iongezwe milimita 3 nje kwa ajili ya kisu.

Kunoa picha, kuipa ukali, ni kazi ya mwisho kabisa, baada ya kuipa ukubwa wake. Chumvi hutiwa chakula kikikaribia kuiva.

Wengi mliniuliza kuhusu picha zilizomo vitabuni na magazetini. Ile tayari imechapwa kwa nukta. Ukiiskani, nukta zake na za skana zinakutana, na picha inajaa mawimbi. Weka vyandarua viwili, kimoja juu ya kingine, uvitazame dirishani, utaona ninachosema. Skana nyingi zina kitufe cha kuondoa nukta za chapa. Kitumieni, mskani kwa wingi mkubwa kuliko mnaohitaji, kisha mpunguze. Itasaidia kidogo. Afadhali zaidi ni kuitafuta picha asili. Na picha ile ina mwenyewe: sheria ya hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamlinda mpiga picha kwa miaka 50, kwa hivyo ombeni ruhusa kwa maandishi. Picha za wagonjwa na watoto ziko chini ya sheria ya ulinzi wa data ya mwaka wa 2019. Ndugu zangu wa afya, mzazi aambiwe kipeperushi kitaenda wapi kabla hajakubali, na akikataa, basi.

Hifadhini picha asili kwa mfumo wa TIFF. JPEG hubana, na kila unapoifungua, ukairekebisha na kuihifadhi upya, hutupa kitu kingine. Fanyeni marekebisho kwenye nakala. Na majina! Nina faili inayoitwa "picha mpya mwisho kabisa 2". Mlio na nafasi, piteni kwenye Makumbusho ya Kitale. Chimbuko lake ni mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyefungua jumba lake la binafsi mwaka wa 1926 na kuendelea kukusanya wadudu, ndege na vitabu hadi alipofariki mwaka wa 1966. Mtafiti yeyote wa wadudu atakuambia kwamba kipepeo asiye na kikaratasi cha mahali na tarehe ni pambo tu. Picha zetu nazo ni hivyo. Andikeni kata, mwezi, mwaka na kinachoonekana: "Kapomboi, jani la MLN, Juni". Afisa atakayekuja baada yenu atajua ameshika nini.

Mwisho ni prufu, yaani nakala ya majaribio. Msiikubali kwenye skrini ya simu. Dai iliyochapwa, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, na gharama yake iandikwe kwenye agizo la ununuzi tangu mwanzo ili isionekane kama upendeleo. Itoeni nje, kwenye mwanga wa mchana lakini si juani, mweke jani halisi kando yake. Na anayetia sahihi asiwe mimi peke yangu. Mimi nitaona kama herufi zimepangika. Afisa wa kilimo ndiye atakayeona kama manjano ni ya MLN au ni ya njaa ya mbolea. Mkipata nafasi, mwonyesheni na mkulima mmoja, bila kumsomea maneno, mmuulize ana ugonjwa gani huyu.

Kisha kuna zile picha asili. Nimeona picha za harusi na za marehemu zikiwa zimesahauliwa chini ya vifuniko vya skana, nyingine zimekaa humo mwaka mzima. Kila picha ya mtu inayoingia ofisini au kibandani iandikwe daftarini, jina la aliyeileta na siku, iwekwe kwenye bahasha ngumu wala isibanwe kwa pini, na irudi kwa mwenyewe siku ile ile akiweza kusubiri. Kuskani kwa 900 huchukua dakika chache tu. Mpeni mama kiti.

Naona mikono. Tuanze na yule wa nyuma, wa Endebess.